Mhusika mwenye ulemavu mezani: namna ya kumjenga na kumchezesha

Kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika wa hadithi kwa kurusha dadu), lililotoka 2014, zina hali ya upofu. Aliyepatwa nayo hushindwa papo hapo kila jaribio linalohitaji macho. Akishambulia, hurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua ndogo. Anayemshambulia yeye hurusha mbili na kuchukua kubwa. Kwa askari aliyemwagiwa mchanga machoni sasa hivi, kanuni hiyo ni ya haki kabisa. Tatizo huja pale mchezaji anapoleta mhusika asiyeona tangu utotoni, na mwendesha mchezo, yule anayesimulia hadithi na kuamua kanuni, akafungua ukurasa huohuo na kumbandika hali hiyo kuanzia kikao cha kwanza hadi cha mwisho. Kufikia kikao cha tatu mchezaji anaomba mhusika wake apone, au anakuja na mwingine.

Kanuni ya jeraha imegeuzwa kuwa kanuni ya maisha. Mtu aliyeishi bila kuona miaka 20 ana namna zake za kuvuka njia, kuhesabu sarafu na kujua nani kaingia chumbani. Anza na namna hizo, namba zifuate. Mifano mingi hapa ni ya D&D kwa sababu ndio mchezo unaojulikana zaidi, ila hatua zenyewe zinafaa mfumo wowote wenye dadu na karatasi ya mhusika.

Hatua ya 1: Kikao sifuri

Tenga nusu saa kabla hamjarusha dadu hata moja. Kila mchezaji apewe kikaratasi ajibu maswali matatu bila kusoma kwa sauti: kitu gani kisionekane kabisa katika kampeni hii, yaani hadithi nzima ya vikao vyote, kitu gani kinaweza kutokea lakini nyuma ya pazia, na kitu gani unahitaji ili ukae mezani saa tatu bila shida. Mawili ya kwanza ni mbinu ya mistari na mapazia, iliyoasisiwa na mtunzi wa michezo Ron Edwards. Ongeza na kadi yenye alama ya X katikati ya meza, aliyoibuni John Stavropoulos mwaka 2013: yeyote akiigusa, jambo linaloendelea linaachwa na hakuna anayeulizwa sababu.

Usiulize mbele ya watu “nani hapa ana ulemavu?” Wengi wenye usonji, ADHD (shida ya kutulia na kukaza makini) au kifafa hawajawaambia hata jamaa zao, na swali la namna hiyo humlazimisha mtu aseme uongo au ajianike. Swali la tatu la kikaratasi linakupa unachohitaji bila kumvua mtu nguo.

Maneno nayo yaamuliwe hapohapo. Kiswahili kina mtego wake: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, vyote vimevaa kiambishi cha kiti na kisu, ingawa sentensi huwapa upatanisho wa watu. Ndiyo maana wengi wamehamia kwenye “mtu mwenye ulemavu” na “asiyeona”, na zeruzeru limeachwa kwa ajili ya “mtu mwenye ualbino”. Lakini msikimbilie kufuta kila neno. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimebeba neno viziwi katika jina lake na wenyewe hawaoni haya. Kanuni rahisi ya meza ni hii: sauti ya msimulizi hutumia maneno mliyokubaliana, na mhusika mkorofi aweza kutumia makali iwapo kikaratasi cha kila mtu kimeruhusu. Andika maneno ya msimulizi ndani ya jalada la daftari lako, maana katikati ya vita ulimi hurudi kwenye mazoea.

Hatua ya 2: Mistari mitatu nyuma ya karatasi ya mhusika

Kabla ya namba yoyote, mchezaji aandike: anafanyaje, anatumia nini, kinamkwamisha nini. Mfano, mpelelezi asiyeona, jina lake Mwanaidi:

Anafanyaje: hupiga ulimi kinywani na kusikiliza mwangwi ili ajue ukuta uko wapi na mlango uko wazi au umefungwa. Huhesabu hatua. Hutambua watu kwa mwendo, viatu na udi walioufukiza nguoni.

Anatumia nini: fimbo nyepesi inayofika kifuani, yenye ncha ya chuma ili ilie tofauti kwenye jiwe, mbao na udongo. Kamba yenye mafundo ya kuwekea hesabu.

Kinamkwamisha nini: mvua kubwa, ngoma, maporomoko ya maji, ukumbi uliotandikwa mazulia mazito yanayomeza mwangwi. Watu wanaosogeza samani bila kusema. Walinzi wanaomnyang'anya fimbo mlangoni wakidhani ni silaha.

Tazama mstari wa tatu: una mahali na watu, hauna macho. Mchezaji akiandika “kinamkwamisha: haoni”, mrudishie. Sentensi hiyo haimpi mwendesha mchezo kitu cha kuweka kwenye ramani, ilhali mazulia na maporomoko yanampa tukio zima.

Mstari wa kwanza ukiachwa wazi, mhusika huelekea njia mbili mbaya. Ama anakuwa mzigo wa kushikwa mkono kila chumba, ama anakuwa mwenye jicho la tatu anayeona kuliko wote, na hapo ulemavu umebaki kuwa pambo la kwenye picha.

Hatua ya 3: Sasa namba

Kwa asiyeona, hizi zinatosha, kwa ramani yenye miraba ya futi 5:

Ndani ya futi 10 anapigana bila adhabu. Kati ya futi 10 na 30 anashambulia kawaida kama mlengwa ametembea, amesema au amepiga tangu zamu yake iliyopita. Mlengwa aliyetulia kimya, dadu mbili, chukua ndogo. Kupita futi 30 hawezi kulenga mpaka mwenzake amwelekeze kwa sauti, na mwenzake huyo atumie tendo lake la kuitikia. Penye kelele kubwa, umbali wote unashuka hadi futi 5. Maadui walio ndani ya futi 30 humshambulia kawaida, bila ile dadu ya ziada.

Giza halimgusi, na kiinimacho kisicho na sauti wala harufu hakimpati. Upande mwingine, uchawi mwingi wa D&D umeandikwa “mlengwa unayemwona”. Kwake soma “mlengwa unayemtambua ndani ya futi 30”, la sivyo mchawi asiyeona atakuta nusu ya orodha yake imefungwa na hakuna aliyekusudia hivyo. Kosa la kawaida ni kuongeza futi 30 hizo ziwe 120 kwa huruma. Ukifanya hivyo, maporomoko ya maji hayana maana tena.

Kwa mtumiaji wa kiti cha magurudumu, ramani ndiyo kanuni. Viwango vya majengo vya Marekani hutaka duara la inchi 60 ili kiti kigeuke, na inchi 60 ni futi 5: mraba mmoja kamili wa ramani yako. Kwa hiyo ukumbi wa mraba mmoja unapitika na kugeukika. Mlango unataka angalau inchi 32, kwa hiyo ule upenyo wa nusu mraba, inchi 30, unamkwamisha kweli. Mteremko wa kupandia huwa wa 1 kwa 12: kila futi 1 ya kimo inataka futi 12 za urefu. Jukwaa la futi 3 kwenda juu linahitaji futi 36, yaani miraba 7 na ushei. Ukichora mteremko wa miraba miwili hapo, umechora mahali pa kuangukia.

Chukua penseli uzungushe kila ngazi, kizingiti na shimo kwenye ramani. Kisha uliza: hadithi inamlazimisha nani apite hapa? Palipo pa lazima, weka njia ya pili yenye gharama tofauti, iwe ni muda, kelele au rushwa. Si lazima ubuni kitu cha ajabu. Ngome yoyote ilipandisha mapipa, magunia na mawe, hivyo ina kapi, mlango wa mizigo au njia ya wanyama. Palipopita punda na mkokoteni, kiti kinapita.

Mwendo ubaki ule wa wenzake, futi 30 kwa zamu. Mchanga mzito na matope ni ardhi ngumu, kila futi moja huhesabiwa mbili, kama kwa mtu mwingine yeyote. Mwaka 2020 Sara Thompson alitoa bure kanuni za kiti cha vita za D&D, zenye viti vya kuboreshwa kama vile silaha zinavyoboreshwa, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Ila angalieni kiti kinachoelea muda wote: ngazi zimefutwa, na mchezaji huenda alizitaka. Muulize.

Adui asivunje wala kuiba kiti bila idhini iliyotolewa kikao sifuri. Humkati mhusika mwingine miguu kwa pigo moja la dadu, na kiti ndiyo miguu yake. Hayo pia ni ya fimbo, mguu bandia na mbwa mwongozaji.

Kiziwi anataka kanuni chache, bali uangalifu mwingi wa mandhari. Kusoma midomo kunahitaji mwanga usoni, uso ulioelekezwa kwake na mdomo usiofunikwa na ndevu au barakoa. Hata hivyo sehemu kubwa huwa ni kukisia, kwa hiyo weka kiwango cha ugumu, namba ambayo mrusho wa dadu lazima uifikie, kiwe 15, na 20 kukiwa na mwenge mmoja tu. Lugha ya alama ihesabiwe kama lugha kamili katika orodha ya lugha za mhusika. Usiifanye moja ya dunia nzima. Ya Kenya na ya Tanzania ni lugha mbili, na ya Marekani iko karibu zaidi na ya Ufaransa kuliko ya Uingereza. Uzuri wake mchezoni ni mkubwa: mnaongea ng'ambo ya korongo, chini ya maji, au nyuma ya walinzi wawili bila sauti. Gharama yake ni mwanga na mikono mitupu. Mwenye upanga na ngao anaweza kusema neno mojamoja, hawezi kuhutubia.

Swali litakuja: uchawi unaohitaji sauti atautamkaje? Mruhusu autamke kwa mikono. Mizani inajipanga yenyewe, kwani mchawi mwingine huzimwa kwa kuzibwa mdomo na huyu huzimwa kwa kufungwa mikono.

Aliyekosa kiungo, kwa ufupi: mguu bandia huvuliwa usiku, na kuuvaa ni dakika 1. Deraya nzito kuivaa ni dakika 10. Wakivamiwa usiku hana muda wa deraya, kama askari wengine wote. Huyu ana uamuzi wa ziada wa kufunga mguu kwanza au kupigana ameegemea nguzo, na uamuzi huo ni wake kila mara.

Tahadhari kuhusu pointi. Mifumo ya zamani hulipa mchezaji kwa ulemavu wakati wa kumjenga mhusika. Katika GURPS toleo la nne, upofu unarudisha pointi 50 na jicho moja pointi 15, za kununulia kitu kingine. Matokeo yanajulikana: chongo zinajaa kwa sababu wachezaji wanataka upanga, na mwendesha mchezo akisahau kuutumia ulemavu, pointi zimekuwa za bure. Mfumo wa Fate unalipa wakati tatizo linapouma. Unaweza kuuiga popote kwa kete za bao. Kila mchezaji, awe na ulemavu au asiwe nao, aanze kikao na kete 2. Kila kizuizi cha mstari wa tatu kinapobadilisha mkondo wa tukio, apewe 1. Akitumia 1 anarusha dadu tena. Asishike zaidi ya 3. Wasio na ulemavu nao waandike mstari wa tatu: deni, kiburi, woga wa bahari. Mfumo unaowalipa wenye ulemavu peke yao unamgeuza mmoja kuwa mradi wa meza.

Hatua ya 4: Usonji, ADHD, kigugumizi

Ile fomula ya alama za akili 18 na mvuto 6, mtu anayeongea kama kamusi na kumtusi mfalme bila kujua, imechakaa, na haifanani na mtu yeyote. Namba za mhusika mwenye usonji ziwe zozote. Badala yake chagua vitu vitatu mahususi: kimoja cha hisi, kimoja cha mawasiliano, kimoja cha mapenzi makubwa. Kwa mfano mganga wa msafara anayeshindwa kufikiri kengele zinapolia lakini anaijua sumu kwa harufu. Anayetaka maagizo yaseme kinachotakiwa na lini, akiambiwa “fanya kama kawaida” hukwama. Na anayejua mawimbi na miezi kuliko nahodha. Vitatu vinatosha. Ukiongeza hadi kumi unacheza orodha ya daktari.

Akizidiwa na kelele, usirushe dadu kumwamulia. Mchezaji aamue kama anaondoka, anafunika masikio, ananyamaza au anavumilia na kulipa kete. Vitendo vya kujituliza, kuzungusha shanga au kujitikisa, viachwe vipite kama mwingine anavyokunja ndevu zake. Wenzake wasivigeuze vichekesho.

ADHD si usahaulifu wa kuchekesha. Msahaulifu wa mezani daima husahau kitu kinachoiumiza timu, na baada ya mara tatu timu inamchukia. Mpe pande zote mbili: anaanza mapema vita vinapolipuka, anaona kilichobadilika chumbani, na zamu ya ulinzi ya saa nne za ukimya inamtesa, hivyo anaomba wagawane saa mbilimbili. Tatizo na suluhisho viko pamoja, kama maishani.

Kigugumizi, matamshi ya mtu mwenye mtindio wa ubongo, au sauti ya kiziwi anayeongea: usiige kwa mdomo wako. Simulia: “Anasema polepole, akipumzika katikati, kwamba daraja limekatwa.” Meza nzima inapata habari na hakuna aliyefanyiwa dhihaka. Wengine wasimmalizie sentensi. Ukitaka kuonyesha jeuri ya mtu, mpe mfanyabiashara tabia hiyo.

Hatua ya 5: Jedwali la wazimu

Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha uliotoka 1981, huhesabu pointi za akili timamu. Ukipoteza 5 au zaidi kwa tukio moja, unarusha dadu ya akili, na ukifaulu, yaani ukielewa ulichokiona, unapagawa kwa muda. Kama mashine ya woga inafanya kazi vizuri. Kasoro huanzia kwenye majedwali ya namna hiyo, katika michezo mingi, yanayomgawia mtu ugonjwa halisi wa akili kwa dadu, kisha kikao kijacho umesahauliwa. Mchezaji mwenye ugonjwa huo nyumbani anajikuta yeye ndiye zimwi lililotolewa kwenye kofia.

Badilisha majina ya maradhi yawe vitendo vya mshtuko: kuganda, kukimbia, kupiga kelele, kung'ang'ania kitu mkononi, kurudia neno moja. Mchezaji achague kimoja kati ya vitatu unavyompa, kidumu raundi 1 hadi 10, kiishe. Kinachobaki muda mrefu kiandikwe kwa kisababishi chake: “hawezi kuingia kisimani”. Hutahitaji jina la hospitali.

Hatua ya 6: Uponyaji na maovu

Katika D&D kasisi wa kiwango cha 3 tayari ana uchawi wa daraja la 2 unaoondoa upofu na uziwi. Wa kiwango cha 13 anaotesha kiungo kilichokatika. Mtu atauliza kwa nini Mwanaidi haponywi, kwa hiyo jibu lipatikane mapema. Linaloshika vizuri ni hili: uchawi huo hurudisha mwili kwenye hali ulioizoea. Jeraha la mwezi huu linapona. Aliyezaliwa hivyo, au aliyekwisha kuzoea, hana pa kurudishwa. Vyovyote mtakavyoamua, uponyaji usiwe zawadi ya mwisho wa hadithi anayopewa mhusika bila mchezaji kuombwa.

Kuhusu waovu: chongo, kovu, kigongo na mguu wa mti vimetumika mno kama alama ya roho mbaya. Mfute ulemavu mwovu wako kichwani. Kama uovu wake unabaki na sababu ileile, mwache alivyo, na weka angalau watu wengine wawili wenye ulemavu mjini wasio waovu wala watakatifu: muuza samaki, karani wa bandari. Suala la ualbino ni zito zaidi. Afrika Mashariki watu wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba miili yao ni dawa ya utajiri. Usiweke sehemu za mwili wa mtu kama viambato vya uchawi, na usimfanye mwenye ualbino mzimu au mchawi kwa sababu ya rangi yake. Ukimchezesha, kumbuka kofia pana, nguo za mikono mirefu, na uoni hafifu unaomfanya asogeze barua karibu na uso.

Hatua ya 7: Meza yenyewe

Karatasi za wahusika zichapwe kwa herufi za ukubwa wa 16 hadi 18, nyeusi juu ya krimu, mstari mmoja kwa kila jambo. Dadu nyekundu yenye namba nyeusi haisomeki hata kwa macho mazima. Mapumziko ya dakika 10 kila baada ya saa 1, yatangazwe mwanzoni ili mwenye kuyasubiri ajue. Mtu mmoja aongee kwa wakati mmoja. Hili linamsaidia mwenye usikivu hafifu kuliko kifaa chochote. Na taja namba kwa sauti dadu inapotua.

Baada ya kikao cha tatu, mchukue mchezaji kando umuulize mawili: mstari wa kwanza umetumika mara ngapi, na wa tatu mara ngapi? Wa tatu ukizidi sana, ramani zako zinamwadhibu, rudi kwenye penseli. Wa tatu ukiwa sifuri, umemwogopa: weka maporomoko ya maji kikao kijacho.